Sinema Iliyokatika Kabla ya Karamu

Baba yangu, Mwalimu Muhidin, anastaafu leo, na karamu ya kuagwa aliitangaza mwenyewe kwa chaki kwenye ubao wa shule, kama mtihani, na huku kwetu Malindi mtu haji karamuni mpaka aalikwe kwa mdomo, basi mama, pilau iko motoni, kaka zangu wako kazini Bofa, akanisukuma mimi, na mwanangu kiunoni, nikaalike kijiweni kwa Mahadhi muuza kahawa, na wale wanaume mimi nawaogopa, wote baba aliwachapa utotoni. Nikajibanza kando ya birika. Kumbe wanabishana juu ya sinema ya jana, ya mwalimu anayechukiwa, naye yuko karibu kustaafu.

— Yule ni Muhidin mtupu! akasema Bwanamkuu, wanayemwita Jaji. Hata kile kikohozi kabla ya bakora!

— Muhidin ni zaidi, akasema Jefwa, wao humwita Redio. Yaulize makalio yangu.

— Yule wa sinema kapanga viti, kapanga sahani, akaendelea Jaji, kakaa peke yake atazama mlango...

— Na stima ikapotea kabla ya mwisho! akadakia Mahadhi.

— Haikupotea, ilizimwa, akasema Redio. Mwenye sinema naye alichapwa shule, hakutaka tumuone mzee akifurahi.

— Afurahi nini? akasema Jaji. Wanafunzi walikuwa nje na mawe.

— Mawe? Mji mzima ulihama, Jaji, ili wasiende karamuni.

— Na mkewe?

— Mkewe ndiye aliyetangulia!

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika, na mimi nasema sasa nitasema, sasa nitasema, mtoto anavuta mtandio.

— Kamaria, wataka kahawa? akauliza Mahadhi.

— La, mjomba, shikamoo, mimi nime...

Baba akatokea, kanzu mpya, amekuja kuniangalia nimekwama wapi. Kicheko kikakatika.

— Shikamoo, mwalimu! wakaamkia kwa pamoja, Redio mpaka akasimama.

— Marahaba. Keti. Mwazungumza nini?

— Sinema tu, mwalimu, akasema Jaji, macho chini. Kuna mwalimu kawaandalia karamu wanafunzi wake.

Baba akawatazama mmoja mmoja.

— Wakaja?

Redio akazungusha kikombe kitupu. Nikajisikia naropoka:

— Mmealikwa! Leo, baada ya alasiri, kwetu, nyote, pilau yaiva, baba awaalika!

Baba hakunigeukia. Alikuwa bado akiwasubiri wajibu, kama darasani.