Solange Castéra, Aliyekataa Kutia Saini

Ndugu, majirani, na ninyi nyote mliopanda huku kutoka Toulouse na barabara ikiwa na utelezi namna hii, familia imenituma mimi, Maryse, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha yake, kwa sababu mumewe Alban anasema sauti yake haitafika hata benchi la pili, na binti yake Clarisse anasema kati yetu sote mimi ndiye niliyegombana na mama yake kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo mimi ndiye ninayemjua.

Solange Odette Castéra alizaliwa tarehe 11 Februari 1952 hapa hapa Lavelanet, mtoto wa kwanza wa Aurélien Castéra, fundi wa mashine katika kiwanda cha sufu, na Odette, aliyekuwa akishona nguo za watu nyumbani, nami nikafuata miaka minne baadaye. Waandishi wa magazeti waliokuja kumhoji uzeeni walipenda kumuuliza kama labda baba alikatwa kidole na mashine, au kama kulikuwa na ajali iliyomtia hofu utotoni, ili wapate pa kuanzia, nami niliyelala naye chumba kimoja nawaambia haikuwapo ajali yoyote, baba alizikwa na vidole vyake vyote, dada yangu alizaliwa hivyo alivyokuwa, mbishi, mwingi wa maswali, mtu wa kurudi mlangoni kuhakikisha kwamba umefungwa kweli huku sisi wengine tukimsubiri mvuani.

Alianza shule ya msingi ya wasichana mwaka 1958, na akiwa darasa la nne mwalimu wa hesabu alimrudisha nyumbani, kwa kuwa swali lilihusu bomba linalojaza beseni, naye alikataa katakata kulijibu mpaka aambiwe kama beseni lenyewe linavuja, mama akamchapa, baba akacheka mpaka akatoka nje. Mwaka 1967 alikwenda shule ya sekondari mjini Foix, mwaka 1970 akaingia chuo kikuu Toulouse kusomea hisabati, na Juni 1979 akapata shahada ya uzamivu, ambayo ingepatikana mwaka mmoja kabla kama asingeiomba irudishwe, baada ya kupitishwa, ili aandike upya sura moja ambayo walimu wake wote walikuwa wameridhika nayo.

Oktoba mwaka huohuo aliajiriwa chuoni hapo kufundisha na kufanya utafiti, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2017, na karibu miaka hiyo yote aliitoa kwa jambo moja, lugha ya kompyuta iitwayo Ada. Kwa wasiojua, hiyo ni lugha ya kuandikia maagizo ya mitambo ambayo kosa lake linaweza kuua, ndege, treni, vifaa vya hospitali, nayo inamkatalia mwandishi kujumlisha mita na kilo, inamkatalia kuacha jambo nusunusu, haimruhusu kusonga mbele mpaka aseme wazi anachomaanisha. Wanafunzi walikuwa wakilalamika kwamba Bi Castéra amejificha ndani ya kompyuta. Yeye alitaka kujua kama watu wakilazimishwa hivyo makosa yanapungua kweli, au wanachelewa tu, basi akawa anawapa makundi mawili ya wanafunzi kazi ileile, kundi moja kwa Ada, kundi jingine kwa lugha waliyoizoea, na kuyatafuta makosa yao mwaka baada ya mwaka. Jibu lilikuwa ndiyo, yanapungua, na mtu mwingine angelitangaza hilo akaenda zake baharini, lakini dada yangu alilizungushia jibu lake tahadhari nyingi kiasi kwamba hata wauzaji wa lugha hiyo walishindwa kulitumia kwenye matangazo yao.

Tarehe 5 Julai 1980 alifunga ndoa na Alban Delmas, mwalimu wa muziki, katika ukumbi wa meya wa mji huu, na wazee waliokuwapo wanakumbuka kwamba alipoulizwa kama amekubali, alimwomba meya asome tena kifungu cha pili cha sheria kwa kuwa alikuwa ameruka neno, meya akanuna, akasoma tena, Alban akatokwa jasho hadi kola ikalowa, ndipo bibi harusi akasema ndiyo. Mama mkwe wake aliamini mpaka anaingia kaburini kwamba msichana yule alikuwa akisitasita. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Clarisse, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1984, ambaye leo ni daktari wa mifugo mjini Pamiers.

Sasa nimefika mwaka 1994, ambao ningependa kuuruka, ila Clarisse ameisoma karatasi hii kabla yangu na ameniambia kwamba nikiuruka atasimama ausome yeye.

Wakati huo mimi na mume wangu Bastien tulikuwa na nyumba ya wageni kule juu Pla de Rébenne, tuliyoinunua kwa mkopo baada ya kusikia kwamba kampuni moja inajenga gari la waya, behewa la kuning'inia ambalo lingewapandisha watu hadi kwenye theluji bila kutegemea barabara. Programu ya kuongoza breki za behewa iliandikwa kwa Ada, kampuni ikailipa maabara ya Solange kuikagua, na kwa malipo hayohayo maabara ikamwajiri Idoia Etcheverry, kijana wa utafiti ambaye mnamwona pale karibu na nguzo. Ufunguzi ulipangwa Jumamosi tarehe 17 Desemba, vyumba vyetu vyote vilikuwa na wenyewe, na kilichobaki kilikuwa saini ya dada yangu kwenye cheti cha usalama.

Mwezi Novemba Idoia akagundua mahali pamoja pasipothibitika. Juu ya mlingoti kulikuwa na vipima upepo viwili, na kimoja kikishikwa na barafu, kikasema hakuna upepo huku kingine kinasema ni dhoruba, programu ilikuwa inasubiri vipatane, na katika kusubiri huko haikuamuru breki zikamate. Kampuni ikasema watarekebisha majira ya kuchipua, theluji ikiisha. Solange akasema hatii saini. Meya wa kule juu alimfuata ofisini akarudi mikono mitupu, mkuu wa idara yake alimbembeleza kisha akamtisha, Bastien alimpigia simu akamwita shemeji kwa sauti ya asali ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuisikia, na yote hayo yakawa kumpigia mbuzi gitaa.

Tarehe 8 Desemba nikateremka Toulouse mwenyewe. Alinipeleka maabara, akaniketisha mbele ya mfano wa gari la waya walioujenga juu ya meza, behewa lake halizidi kiberiti, akamwambia Idoia akizuie kipima upepo kimoja. Behewa likashuka, likashuka, likafika kituoni bila kupunguza mwendo, likagonga ukuta na kuanguka sakafuni.

"Hii itatokea mara ngapi?" nikamuuliza.

"Pengine mara moja katika miaka thelathini," akasema. "Pengine isitokee kabisa."

"Basi tia saini, dada. Watarekebisha theluji ikiisha. Sisi tutafilisika."

Akaliokota lile behewa, akaniwekea kiganjani.

"Haya, chagua wewe, Maryse. Siku hiyo nimpandishe nani?"

Nikamwambia kwamba hajawahi kuishi na watu, anaishi na kompyuta, na kwamba mama yetu amezaa mtoto mmoja na mashine moja, nikaondoka bila kuaga.

Hakutia saini. Kampuni ilikata malipo yake kwa maabara, mkuu wa idara akamhamishia kwenye chumba kisicho na dirisha, jirani na mitambo ya kupasha joto jengo, na wageni wetu wakaenda kutelezea milima mingine. Juni 1995 tuliuza nyumba, Bastien akarudi kuendesha gari la halmashauri la kusukuma theluji, kazi aliyokuwa ameiaga kwa mbwembwe mbele ya wenzake. Kilichoniudhi kuliko yote ni kwamba majira hayo yote ya baridi, wakati mimi nafunga masanduku, yeye na Idoia walikaa ndani ya chumba kile cha joto wakiiandika upya sehemu ile ya programu, bila kuombwa, bila ahsante ya mtu, kwa sababu hakuweza kuliacha jambo likiwa limekaa vibaya. Gari la waya lilifunguliwa tarehe 16 Desemba 1995, kwa saini yake, na aliyenunua nyumba yetu anaishi vizuri hadi leo.

Limefanya kazi tangu siku hiyo bila kumjeruhi mtu, na hapo ndipo moyo wangu uliposhindwa kutulia, maana ajali isiyotokea haina picha gazetini, haina mjane wa kukushika mkono akasema umemwokoa, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kuniambia kama nyumba yangu ilikwenda kwa ajili ya roho za watu au kwa ajili ya ukaidi wa dada yangu.

Hatukusemezana miaka minne. Tulipomzika mama, Machi 1999, Bastien ndiye aliyetangulia, alimpelekea Solange sahani ya maharage na soseji akamwambia, "Shemeji, kula kwanza, utatukagua baadaye," watu wakacheka, yeye akalia, nami nikaenda kuketi kando yake. Nikamuuliza lile lililokuwa likinikereketa, kama ana uhakika kwamba kuna mtu tuliyemwokoa kwa hasara yetu. Mtu yeyote mwenye huruma angesema ndiyo.

"Sijui, mdogo wangu," akasema. "Ingerudi siku ile ningefanya vilevile, na bado sijui."

Nilimkasirikia upya palepale, ila safari hiyo sikuondoka.

Miaka yake ya mwisho chuoni aliipoteza mikutanoni, kwa kuwa kila mkuu mpya alikuja na wazo kwamba Ada ni lugha ya wazee na vijana wanataka lugha zisizowasumbua, naye kila mara alikwenda na ushahidi wake, akawachosha mpaka wakaliahirisha jambo lile hadi mwaka unaofuata, na kwa kuahirishwa hivyo somo lake lipo mpaka leo, analifundisha Idoia, sasa ni profesa, ndani ya chumba chenye dirisha.

Kuhusu ugonjwa wake, Mei 2018 alianguka sokoni hapa Lavelanet, moyo ulikuwa unapiga polepole mno, na madaktari wakasema awekewe kifaa cha kuuchochea, kile ambacho wengi tunakiita betri ya moyo, shughuli ya asubuhi moja. Mmekwisha kukisia. Alitaka kwanza aambiwe programu ya kifaa hicho imeandikwa kwa lugha gani na nani aliyeithibitisha, akawaandikia watengenezaji, wakamjibu kwamba ni siri ya biashara, akawaandikia tena, na wakati barua zinakwenda na kurudi alizirai jikoni, akazirai ngazini, Alban akawa analala na mkono wake kifuani pa mkewe. Nilimwambia kwamba nitamfunga kamba nimpeleke mwenyewe. Mwishowe Idoia alikuja, akakaa naye mchana kutwa, akamweleza bila kumficha kinachojulikana juu ya vifaa vile na kisichojulikana, na cha pili kilikuwa kingi. Solange alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi nitapanda bila cheti," akasema. "Leteni koti langu."

Aliwekewa kifaa hicho tarehe 22 Januari 2019, nacho kilimtumikia bila kasoro kwa miaka minne. Februari mwaka huu alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa hospitali mjini Toulouse, akaonekana kupata nafuu, kisha akazidiwa, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 9 Machi 2023 akaiaga dunia, Alban na Clarisse wakiwa kando yake. Mimi sikuwapo. Clarisse alikuwa amenipigia jioni ile kwamba hali si nzuri, nikachukua funguo za gari, na kabla sijafika mlangoni simu ikalia tena, ni yeye Solange, kwa sauti isiyofika popote, akiniambia barabara ya kushuka ina barafu, nisiendeshe, ningoje jua litoke. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamtii bila ubishi, na jua lilipotoka hakuwapo tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliojibu maswali yake, pamoja na yale aliyoyauliza mara tatu, tunawashukuru majirani wa mtaa wetu waliovumilia kugongewa mlango kuambiwa kwamba moshi wa dohani yao haupandi sawasawa, tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa chuo, hata waliomhamishia kwenye chumba kile, maana nawaona mmekuja, na Idoia, ambaye hatuna neno la kumtosha. Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, shemeji mmoja, na mimi.

Dada, nimesimama hapa nikasema ulichapwa, na labda hukuchapwa, nikasema darasa la nne, na labda lilikuwa la tatu, nikazieleza kazi zako kwa namna ambayo nina hakika nimeharibu angalau mambo mawili, na muda wote huu hujanikatiza hata mara moja. Siwezi kukuzoea ukiwa hivi. Lala, Solange, milango yote imefungwa, nimeikagua mwenyewe, pumzika kwa amani.