Tulivyoizika Lebo ya Toleo la Pili

Benchi letu liko nje ya mkahawa wa Harriet, hapa Duluth, upande ule ambao upepo wa ziwani unakupiga usoni mpaka machozi yanakutoka bila msiba. Mwenye akili zake angekaa ndani. Sisi tunakaa nje kila Jumamosi asubuhi kwa sababu Harriet amechoka na kelele zetu, na kelele zetu ni za jambo moja tu: ile tovuti ambapo waandishi wa programu wanauliza maswali na wenzao wanawajibu bure. Sisi ndio wasafishaji wake. Hatulipwi, na shukrani yetu ni matusi. Tunahakikisha kila swali limebandikwa lebo zake pale chini, moja ya kutaja lugha ya programu, nyingine ya kutaja toleo, maana lugha ya Tamarak, ile ya kuendeshea mashine, toleo lake la pili na la tatu yamefanana sura tu, tabia mbalimbali. Yupo Marlys, mkutubi mstaafu, tunamwita Fagio. Yupo Gordon, mwalimu wa chuo, tunamwita Kamusi kwa kupenda kufafanua kisichoulizwa. Yupo Breki, anayepinga kila kitu halafu anapiga kura ya ndiyo. Nafasi ya mwisho kushoto haikai mtu. Ilikuwa ya Walt, na Walt tulimzika theluji ilipoanza kuyeyuka. Jumamosi hiyo nilifika nikakuta Fagio hajagusa kahawa yake.

— Imeshaunganishwa, akasema.

— Nini tena? Breki akauliza.

— Lebo ya toleo la pili. Wameiunganisha na ya tatu jana, kama tulivyopigia kura. Sasa zote ni Tamarak tu, bila toleo.

— Si ndiyo tuliyoitaka? Lebo imekufa, haina swali jipya, inajaza nafasi tu. Maneno yako hayo, mama, si yangu.

— Najua ni yangu. Asubuhi nimefungua majibu ya Walt, nijisomee tu, nimemkumbuka. Sijui lipi ni la toleo lipi.

Kamusi akacheka kidogo.

— Soma ndani ya jibu, Marlys. Mtu hueleza.

— Hajaeleza. Hakuna aliyeeleza. Unakumbuka nani alikuwa anapita kila swali na kila jibu akifuta maneno "katika toleo la pili"?

Hapo Kamusi akaacha kucheka. Tulikumbuka wote. Ilikuwa sheria yetu, tena tuliipenda kama mtoto wa kwanza: jambo likishasemwa na lebo, usilirudie kwenye maandishi, ni uchafu. Fagio alifuta miaka na miaka. Walioendelea kuyaandika tuliwakaripia, mpaka watu wakajifunza, wakaacha kuandika kabisa.

— Kwa hiyo tulifuta maneno kwa kuwa lebo ipo, Breki akasema taratibu, halafu tukafuta lebo.

— Ndiyo.

— Jamani, sisi ni wazima kweli?

— Irudisheni, nikasema mimi. Mnazungukazunguka nini?

— Lebo ikiunganishwa ndiyo basi, Fagio akanijibu. Hebu itoe sukari kwenye hicho kikombe chako.

Nikanywa kahawa yangu. Breki akadakia.

— Angalieni tarehe. La zamani ni la pili, jipya ni la tatu. Kazi imekwisha.

— Acha zako, Kamusi akamkata. Matoleo yote mawili yalitumika pamoja miaka chungu nzima. Nusu ya viwanda vya hapa viligoma kuhama. Tatizo letu lebo zilikuwa chache. Mimi nilisema kila toleo dogo lipate lebo yake, na kila rekebisho la toleo dogo, na kila...

— Utabandika lebo mpaka swali lenyewe lisionekane! Breki akapaza sauti. Mimi nasema lebo zifutwe zote. Atakayeuliza aje na picha ya mashine yake.

— Na anayejibu?

— Aje na picha ya kwake. Wafanane.

— Unazingua, Kamusi akasema. Sikiliza, jibu liwe kama maziwa. Liwe na siku ya kuharibika. Ikifika, linajifuta.

— Na mwenye mashine ya zamani anywe nini?

— Anunue mpya.

— Hapo sasa umenena kitajiri! Kwa nini tusiwapige marufuku hao wanaotoa matoleo mapya? Lugha itoke mara moja, ibaki hivyo hivyo mpaka kiama.

— Hata ikiwa mbovu?

— Ubovu uliozoeleka, bwana, watu wanaishi nao. Watu wameoana humo!

Siku nyingine tungecheka mpaka Harriet agonge kioo. Fagio alikuwa anazungusha kikombe mkononi, macho yake kwenye ile nafasi ya kushoto. Roho iliniuma, maana najua Walt alimfundisha tovuti ile kuanzia kujisajili.

Ndipo mlango ukafunguka, akatoka mwanamke mwenye koti la uwanja wa hoki ya barafuni, simu mkononi, amekosa usingizi waziwazi. Akajitupa kwenye nafasi ya Walt. Hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke.

— Harriet kaniambia nyie ndio wenye ile tovuti. Naitwa Rhonda Maki, natunza barafu pale uwanjani. Mashine ya kugandisha imegoma, barafu inalainika, na mchana nina watoto wa kucheza. Inaendeshwa na Tamarak toleo la pili. Kampuni iliyoifunga ilishakufa.

— Pole, dada, Kamusi akasema. Umetafuta kwetu?

— Nimetafuta, nimepata. Ndiyo shida yenyewe. Jibu hili linasema valvu ya kupoza nikiiandikia sifuri inafunguka. Hili jingine linasema sifuri inaifunga, niandike moja. Yote mawili yamesifiwa na mamia ya watu. Fundi wa jirani kaniambia nikikosea, kompresa, moyo wa mashine, inaungua, na msimu mzima umekwenda.

Breki akainamia simu.

— Kaandika nani?

— Huyo huyo mmoja. Walt Saari. Kasema hivi, halafu kasema kinyume. Samahani, lakini huyu mzee ni tapeli au?

— Hapana, Fagio akasema. Sauti yake ilitoka ndogo mno. Walt hakuwahi kudanganya mtu. Yote mawili ni kweli. Jibu moja la toleo la pili, jingine la toleo la tatu. Aliandika vizuri kabisa, kila kitu kilikuwepo.

— Sasa kimekwenda wapi?

Fagio akaichukua simu, akasoma jibu la kwanza, akasoma la pili, akarudia la kwanza akitembeza kidole chini ya kila mstari. Kidole kilifika mwisho kikabaki hapo. Yalikuwa safi, hayana neno la ziada hata moja.

— Nipeni namba yake basi, Rhonda akasema. Nimpigie mwenyewe.

— Umekaa mahali pake, dada, Kamusi akamwambia. Amefariki.

Rhonda akasimama haraka, akatuomba radhi, akapangusa lile benchi kwa mkono kana kwamba amelichafua. Fagio akamrudishia simu, akafunika uso kwa viganja vyake, akalia mbele yetu sote bila kujificha. Breki alikuwa anatazama viatu vyake.

— Poleni sana, Rhonda akasema. Kweli poleni. Akatazama saa, kisha akatutazama mmoja mmoja. Lakini niandike ipi, sifuri au moja?

Kahawa yetu ilishapoa, tukainywa hivyo hivyo.