Koo Nililolificha

Kila mwenye pumzi asubuhi hii amepewa na Bwana, asifiwe! Ejok, hamjambo, ndugu zangu.

Nilisikia filimbi kabla sijaona kitu. Nikadhani kuna mtu nje anaita mbuzi. Nilipofungua macho, nyumba yangu ya Kakuma ilikuwa tupu, na filimbi ilikuwa ikitoka kooni mwangu.

Hospitalini walinikuta na uvimbe wa maji kifuani, ule ugonjwa unaotoka kwa mbwa tunaolala nao manyattani. Upasuaji ukapangwa Lodwar. Sina mume wala mtoto, kwa hiyo mama mchungaji alinisindikiza.

Daktari wa nusukaputi, yule anayewalaza wagonjwa usingizi, alieleza kwamba pafu moja litapumzishwa na jingine lipumue, hivyo mpira mnene utapita kooni. Akauliza kama koo limewahi kukatwa.

Ndugu zangu, nilisema hapana! Mama mchungaji alikuwa ameketi pale. Mimi ndiye niliyeongoza maombi ya akina mama, na ndiye niliyewatenga dada wawili kwa sababu walikwenda kwa mganga anayekata kimio, kile kinyama cha nyuma ya koo. Halafu kikohozi kiliponizidi nikaenda Namoruputh kwa siri, nikakatwa. Kidonda kilioza, kikaacha kovu.

Siku ya upasuaji daktari alikuja kunichukua. Mama mchungaji alikuwa bado ananiombea. Nikamshika daktari mkono.

“Nimekatwa kimio,” nikasema. “Nilikudanganya.”

Maombi yakakatika.

“Mama,” daktari akasema, “kama ningekulaza na mpira ukakataa kupita, ungenifia mkononi.”

Basi hakunilaza kwanza. Alinipulizia ganzi kooni, akapitisha kamera nyembamba kama ugwe, na mpira mwembamba kuliko ule aliopanga ukaifuata nikiwa macho. Chumbani hapakuwa na mtu wangu hata mmoja. Sauti ya mgeni tu: “Pumua, mama. Pumua tu.” Nikapumua, ndipo akanilaza.

Niliamka uvimbe umetolewa. Asante Yesu!

Wewe unayeficha kidonda ili usipoteze sifa, mtumaini Mungu, useme kweli. Huenda utabaki peke yako, lakini utabaki.

Mimi nilibaki. Siku ya tatu mama mchungaji aliniletea chai. Akanipangusa midomo, akasema akina mama wamechagua kiongozi mwingine. Nikaitikia kwa kichwa, maana sauti haikuwa imerudi. Akachukua leso yake, akatoka, akaufunga mlango taratibu.