Mwishehe wa Kwa Ausi: Miaka Thelathini na Moja ya Mawe na Miti

Bwana Mwishehe Kibwana anastaafu tarehe 31 Desemba 1957, baada ya kutumika miaka thelathini na moja mahali pamoja, pale Kwa Ausi, njia ya Mbegani. Wenzake wameniomba mimi, mama yake, niandike maneno haya yasomwe siku ya kumuaga. Wamefanya vyema, maana hakuna amjuaye kunishinda.

Alianza mwaka 1926, mpasua mawe. Wakati huo Kwa Ausi hapakuwa na kivuli hata cha kuwekea mtungi. Mawe yalikwenda kujenga nyumba za mjini, na kila mti wa karibu uliingia katika tanuri la chokaa. Jiwe alilolipasua mwanangu lilikaa ukutani bila kabari. Waulizeni waashi, wale walio hai.

Mwaka 1939 mawe mazuri yalikwisha, mwenye machimbo akahama, yakabaki mashimo. Mwishehe aliandikwa na ofisi ya misitu kuwa mlinzi, akaambiwa apande miti juu ya mwamba. Watu walicheka. Miche mia mbili ya kwanza ilikufa yote kwa jua. Ndipo alipokumbuka matundu aliyoyatoboa mwenyewe kwa mtaimbo, yanayoshika maji ya mvua. Akayajaza udongo kwa pakacha, akapanda humo mikwaju na miarobaini, ikashika.

Basi ikaja taabu ya kuni. Mti ukifika kiunoni, watu wanaukata. Mwaka 1948 mkubwa wa misitu alisema atarudi baada ya miaka miwili, na akikuta visiki vibichi, eneo atawarudishia wachimba mawe, wapasue hata yale mabaya yaliyobaki. Nikaona kazi ya mwanangu inapotea hivi hivi. Mimi na shoga yangu Chausiku tukafunga vitambaa vyekundu na vyeupe kwenye mikwaju, tukaeneza habari kuwa pana mzimu. Wiki mbili hakuingia mtu.

Mwishehe alipojua, alivifungua mchana kweupe, watu wakitazama. Akasema, "Mama, shikamoo, lakini msitu huu sitaulinda kwa uongo. Siku wakigundua, watakata hata miche." Nilinuna siku tatu. Chausiku akanichokoza, "Shoga, mwanao kakuumbua." Nikamjibu kuwa wangu angalau ana kazi ya Serikali.

Badala ya vitambaa, mwanangu aliwaita wanawake wa jirani, akawaruhusu kuokota kuni kavu kila Jumatatu, kwa sharti moja: panga libaki nyumbani. Toka hapo wanawake wenyewe wakawa walinzi. Mwinyijuma mchoma chokaa alipokuja na shoka, Chausiku huyo huyo alikaa katikati ya njia, akamwambia, "Pita, baba, lakini utapita juu ya mgongo wangu." Hakupita.

Mwaka 1950 mkubwa alizunguka kutwa nzima asione kisiki kibichi hata kimoja. Wiki ile ile vikapigwa vigingi vya mpaka wa hifadhi. Leo mashimoni mna kima na paa, na ndani yake jua la adhuhuri hulioni.

Mwanangu, wenzako wanakushukuru kwa kazi na kwa ucheshi wako. Mimi nakiri mbele ya watu wote hawa, kwa kuwa nawe uliniumbua mbele ya watu: kuhusu vile vitambaa, haki ilikuwa yako. Pumzika sasa, Mwenyezi Mungu akujaalie afya, riziki ya halali na miaka mingi ya furaha.