Benki ya Zamani Isibomolewe

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe binti yangu Emerance uache kuninywesha chai kama mtoto mchanga, kwa sababu nguvu iliyonibakia ni ya kusema tu, na ninachotaka kusema ni habari ya nyumba hii tuliyomo, ambayo Wabelgiji waliijenga iwe benki kabla ya vita vya pili, na ambayo marehemu baba yenu Osée aliinunua tuliporudi kutoka Bukavu, wakati hapa Cyangugu hakuna aliyeitaka ila popo.

Damascène, usitazame chini. Wewe ndiwe mwanangu mkubwa na ninakupenda, lakini ulitaka kuibomoa ujenge ghorofa la vioo, ukawaambia watu wa majengo ya kale kwamba nyumba imeoza, itatuangukia wakati wowote, haina cha kuhifadhi. Hawa wajukuu hawakuwepo siku ile, basi waache wasikie.

Alifika mama mmoja wa ofisi hiyo kutoka Kigali kuikagua, nawe ukaja na mafundi wako na nyundo zao, tayari kabisa, kana kwamba ruhusa imeshatoka. Jirani yetu Karangwa naye akaja, ambaye hakuwa akinisalimu tangu mbuzi wangu walipokula maharagwe yake, akasema ananunua mlango wa chuma wa kile chumba walichokuwa wakiwekea fedha. Nikamwingiza humo nimwonyeshe kwamba hauuzwi. Tukabishana. Yeye, ili ashushe bei, akasema mlango umekufa kwa kutu, haufungi tena, akauvuta kwa mikono miwili anionyeshe.

Ukafunga.

Giza tupu. Mimi na Karangwa.

"Maman Nyiramahoro," akasema, "tukifia humu, bantu batasema nini?"

"Batasema nilikosa mwanaume muzuri wa kufa naye."

Akacheka, na mimi sikuwahi kumsikia akicheka. Kisha hofu ikamshika, akaanzisha wimbo wa kanisani, nami nikaitikia, maana peke yake alikuwa anauharibu. Kumbe huko nje mlisikia sauti zetu zikipita ukutani, mkadhani tunajikabidhi kwa Mungu. Ndipo nikamsikia mwanangu huyu akilia kwa nguvu: "Maman, usikufe! Ninabomoa!"

Na kweli alibomoa, maskini. Alipiga ukuta pamoja na mafundi wake, mipini ikavunjika, mafundi wakavua mashati, wakalaani, wakaomba maji, na ukuta ukatoa vumbi kidogo la chokaa, basi. Mwishowe akakaa chini akalia mbele ya yule mama wa ofisi: "Huu ukuta haubomoke! Hata ulete tingatinga, utakaa miaka mia!"

Yule mama akamwuliza kwa upole, "Ni ukuta uleule ulioniambia umeoza?"

Akaitwa fundi wa kuchomelea kutoka Kamembe, akakata kufuli, tukatoka weupe kwa vumbi, Karangwa amenishika mkono kama bwana harusi, na tangu hapo ananisalimu kila asubuhi. Nyumba ikaandikwa kuwa urithi wa mji. Watoto wa shule wanaletwa kuitazama, na ninyi mnajua jinsi mnavyojivuta kola kwa fahari wanapokuja.

Kwa hiyo nawausia. Isiuzwe wala ukuta wake usiguswe. Ule ukumbi wenye kaunta ndefu ni wa Emerance, na wamama wa sambaza, wale wauza dagaa wa ziwani, waruhusiwe kupumzika humo kabla ya kuvuka daraja la kwenda Bukavu, kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wao na hakuna aliyenipa kivuli. Damascène, kwako ni vyumba vya nyuma na paa, ulitengeneze. Ukitaka vioo, anza na vile vya madirisha vilivyopasuka. Mnizike kule kilimani Gitambi kando ya baba yenu, kwa sanduku jepesi, maana kile kilima kinawatoa watu roho na sitaki misiba miwili.

Ngojeni... nipumue.

Mungu awape usingizi mzuri. Awape watoto wanaowajibu kwa heshima zaidi kuliko ninyi mlivyonijibu. Mkigombana mchana... jioni mle sahani moja. Damascène, shika mkono wa dada yako. Hapana... si hivyo, siyo kama polisi. Mshike kama mtu anayemshika mtu wake.

Eeh... hivyo.