Bwana Ngoja, Mlinzi wa Faili za Wagonjwa (1971–2025)

Kaka yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumatano, tarehe 3 Machi 1971, wiki mbili baada ya siku aliyotarajiwa. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi redio na mwalimu wa shule ya msingi. Mimi ni mdogo wake wa pekee, fundi cherehani, na nimeombwa nisome haya kwa sababu wengine wote wamesema hawataweza. Mama yetu, aliyeketi hapa mbele, husema mwanawe alianza kusema "ngoja kwanza" akiwa bado tumboni. Kwa hiyo jina la Bwana Ngoja, ambalo wengi wenu mlimjua nalo, halikuanzia kazini. Aliyempa ni Mama.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, kisha sekondari, na mwaka 1994 akahitimu stashahada ya elektroniki katika chuo cha ufundi. Darasani hakuwa wa kwanza, ila alikuwa wa mwisho kurudisha karatasi ya mtihani, na wasimamizi walilazimika kumnyang'anya. Wakati wa likizo alimsaidia Baba. Akishatengeneza redio ya mteja aliiwasha, akaizima, akaiwasha tena, mpaka siku moja mteja akaja juu: "Si inaongea? Nipe redio yangu niende!"

"Inaongea, mzee," kaka alimjibu, "lakini ngoja tuone kama itaongea tena."

Tarehe 2 Oktoba 1995 aliajiriwa na hospitali kama fundi wa vifaa. Mwaka 2010 hospitali ilipoamua kutoa faili za wagonjwa kwenye makabati ya masjala na kuziingiza kwenye kompyuta, yeye alipewa kazi ya kuchagua mfumo endeshi wa seva, yaani ile programu ya chini kabisa inayoiamsha mashine na kubeba kila kitu kilicho juu yake. Sikumwelewa, akanifafanulia jikoni kwangu: "Faili ni vyombo. Hifadhidata ni kabati. Mfumo endeshi ni sakafu. Sakafu ikibonyea, uzuri wa kabati haukusaidii kitu."

Alichukua mashine mbili kuukuu, akaziweka katika chumba kilichokuwa cha kufulia mashuka, na kila moja akaipa mfumo wake. Mfumo mmoja ulikuwa mpya, mwepesi, unaosifiwa na kila mtu. Mwingine ulikuwa wa kizamani kidogo, hauna mbwembwe. Aliingiza faili elfu moja za majaribio, na mashine ikiwa katikati ya kuandika, akachomoa waya ukutani. Akaurudisha, akahesabu faili, akachomoa tena. Mara arobaini kwa kila mashine. Wauguzi walichungulia mlangoni wakicheka mpaka wakashika mbavu. Mganga mkuu naye akaja.

"Fundi, tumekuajiri uwashe, wewe unazima!"

"Siku umeme utakapokatika, bosi, hautauliza kama tuko tayari."

Mashine yenye mfumo mpya ilirudi salama mara kumi na sita. Mara ya kumi na saba ilirudi, faili kumi na moja hazipo. Ile ya kizamani ilirudi mara zote arobaini bila kupoteza hata moja. Kaka akachagua mfumo wa kizamani, na tangu siku hiyo ule mwingine akaubatiza Mwenye Haraka.

Aliishi na chaguo lake miaka kumi na mitano. Kila marekebisho ya mfumo huo yalipotoka, aliyajaribu wiki mbili kwenye chumba cha kufulia ndipo akayapeleka kwenye seva yenyewe. Wauzaji wenye tai waliokuja kumshawishi ahamie kwa Mwenye Haraka walipewa kiti, chai na jibu lile lile: "Ngoja kwanza." Katika miaka yote hiyo hakuna mama aliyefika kujifungua akaambiwa faili yake haionekani. Hilo nalisema kwa kujivuna, na mtanisamehe.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na wifi yangu, mtaalamu wa maabara wa hospitali hiyo hiyo. Walikuwa wamejuana miaka mitatu. Ilibidi wifi amkabili kwenye korido, mikono kiunoni, watu wanapita: "Unangoja nini? Mimi si redio ya kufanyiwa majaribio. Sema leo, au niendelee na safari zangu." Kaka alisema siku hiyo hiyo. Walijaliwa binti na mwana.

Januari mwaka huu kaka aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo, ikiwa imeshasambaa. Mwezi huo huo waliotengeneza mfumo wake walitangaza kwamba baada ya tarehe 30 Juni hawataurekebisha tena. Kasoro yoyote ambayo ingeonekana baada ya hapo isingezibwa, na siri za wagonjwa laki mbili zingekuwa wazi kwa mwenye nia mbaya. Wenzake wakaamua wamsubiri apone, kwani hawakutaka kung'oa kazi yake yeye akiwa kitandani. Aliposikia alikasirika. "Huruma hiyo wapeni wagonjwa," alisema. "Kamjaribuni Mwenye Haraka. Amekua sasa, huenda akili imemkaa."

Jumanne tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi, nilisimama, kwa ombi lake, katika chumba cha kufulia nikiwa nimeshika waya. Kwenye kompyuta alikuwapo karani wa zamani wa masjala, mama ambaye kaka alimfundisha kazi kwa miaka kumi na miwili. Kaka alikuwa kwenye simu, wodini, ghorofa mbili juu yetu.

"Chomoa," alisema. Nikachomoa.

"Rudisha. Zimetimia?"

"Zimetimia, mzee," karani alijibu.

Mara ya kumi na saba, ile iliyomshinda Mwenye Haraka mwaka 2010, kaka aliuliza polepole.

"Zimetimia?"

"Zote elfu moja."

"Hesabu tena."

Zilikuwa elfu moja. Tulifika arobaini saa tisa alasiri, mkono wangu umekufa ganzi. Kaka akasema: "Mwaka ule nilikuwa sahihi kumkataa. Leo nikimkataa nitakuwa mbishi tu. Hamisheni. Msiningoje."

Maishani mwangu sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo.

Walihamisha Jumamosi tarehe 14. Jumatatu, mimi na wifi tukiwa kando ya kitanda, kaka alimwomba muuguzi aifungue faili yake kwenye mfumo mpya na aisome kwa sauti tangu mwanzo, aone kama imefika nzima. Muuguzi akasoma kundi la damu, akasoma mguu uliovunjika mwaka 2013, kisha akasoma: "Tarehe 8 Novemba 2022. Maumivu ya tumbo, miezi mitatu. Ameshauriwa arudi baada ya wiki mbili kwa vipimo zaidi. Hakurudi." Akainua macho kumtazama kaka. Hakuna aliyekuwa anajua kati yetu.

"Endelea, dada," kaka alisema. "Imefika kama ilivyoandikwa."

Wifi akamshika mkono. "Baba watoto, ulikuwa unangoja nini?"

"Seva niliipima kila wiki, mama watoto. Mimi nikajiacha."

Nilimkasirikia, na bado nimemkasirikia nikiwa nimesimama hapa mbele ya jeneza lake. Nampenda pia, na kumwonea fahari, vyote vitatu kwa pamoja.

Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 19 Juni 2025, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Ameacha mama, mke, binti na mwana, mjukuu mmoja, mimi mdogo wake, na karani anayeketi sasa kwenye kiti chake.

Aliomba jambo moja liandikwe kwenye karatasi hii. Kama uliambiwa urudi hospitali na hujarudi, nenda Jumatatu. Faili yako ipo.

Pumzika kwa amani, kaka yangu. Safari hii nakuruhusu: tungoje huko.