Neno "Urembo" Niliandika Mimi

Sifa zote ni za Bwana, ndugu zangu wa hapa, na ninyi mliovuka mto asubuhi hii kutoka Alunguli! Nianze na lililo zito. Dawa ya sukari iliyomsaidia mdogo wangu Riziki, mimi ndiye niliyeiondoa kwenye orodha ya mutuelle yetu, mfuko wetu wa afya. Niliiondoa kwa neno moja. Na miezi michache baadaye, daktari aliyemtibu Riziki akaniandikia mimi dawa ile ile.

Mnaonijua mnajua napenda mambo yaende kwa utaratibu. Nitarudi mwanzo.

Riziki ni mtoto wa baba yangu mdogo. Wakati wa vita, mji wetu ulipofungwa, tulikuwa wasichana na tuliishi nyumba moja. Treni haikuja. Njia za mashambani zilikuwa na wenye silaha. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi na bila mawese, na siku nyingine sombe yenyewe haikuwapo. Mimi nilikonda hadi pete ikaanguka kidoleni. Lakini Riziki, ndugu zangu, alikuwa ananona! Mashavu yalijaa, miguu ilijaa, ngozi inang'aa. Majirani walimsifu. Mimi nilimtazama amekaa mlangoni na kujiuliza: huyu anakula wapi?

Siku moja alipokwenda kuteka maji nilifungua furushi lake. Nilikuta kitenge kimoja, sindano ya kushonea na uzi. Hapakuwa na hata punje ya chumvi. Mtu mwenye haki angefunga furushi lile na kutubu. Mimi nilikwenda kwa mama nikamwambia, "Mama, punguza sahani ya Riziki. Yeye amekwisha kunona." Mama akapunguza. Riziki akala kilichobaki.

Vita vikaisha, miaka ikapita. Riziki akawa fundi wa cherehani. Mimi nikawa sekretere wa mutuelle ya afya ya mtaa wetu, yaani ule mfuko ambao kila familia inauchangia ili mgonjwa atibiwe. Safari hii tulinona sote wawili, na watu wakasema amani imetuingia mwilini. Hakuna aliyejua kwamba na sukari ilikuwa inaingia.

Ya Riziki ilijulikana kwanza. Vidonge vilishindwa. Daktari akaomba mutuelle imlipie sindano ya kila juma, inayokuja kwa ndege ndani ya sanduku la barafu. Inashusha sukari, na mwili nao unapungua. Kamati ikakubali.

Na mwili ulipungua kweli! Kila nilipopita kwenye kibanda chake nilimkuta anabana gauni zake mwenyewe. Mara ya kwanza ubavuni, mara ya pili kiunoni, mara ya tatu alikata kitambaa kilichozidi akashona kofia ya mtoto. Baada ya ibada akina mama walimzunguka na kumgeuza-geuza.

"Eh, Riziki! Umerudi binti! Mume wako atalipa mahari mara ya pili?"

"Alipe!" akajibu. "Ile ya kwanza, mbuzi mmoja alikuwa kilema."

Nilicheka pamoja nao, na moyoni nilikuwa naungua. Wakati wembamba ulikuwa aibu, mimi nilikuwa mwembamba na yeye amejaa. Sasa unene umekuwa ugonjwa, mimi ni mnene na yeye amepungua! Nilimwuliza Mungu kama ana mtoto mmoja tu.

Ndipo ikafika siku ya kamati kupitia orodha ya dawa. Prezida wetu alikuwa na haraka, anangojewa kwenye matanga huko Kalima. Akauliza, "Sekretere, hii sindano njo ya nini?"

Barua ya daktari ilikuwa mbele yangu. Ilieleza sukari kwanza, na mwili baadaye.

"Njo ya kupunguza mwili, papa," nikasema.

Sikusema uongo, ndugu zangu. Nilisema nusu. Kisha nikaandika mwenyewe, kwa kalamu yangu ya bik: "urembo, hailipwi." Nikaweka rula nikapiga mstari juu ya jina la dawa. Wote wakatia sahihi, kwa sababu waliniamini.

Riziki alikuja ofisini na kadi yake mkononi. "Yaya, dada yangu, wanasema dawa yangu haiko tena. Iko namna gani?"

"Kamati imeamua, mdogo wangu."

"Basi, yaya. Mungu iko." Akaondoka.

Akaanza kufungua mishono aliyoifunga. Kwanza kiunoni, halafu ubavuni. Mimi nilipita kibandani nikahesabu mishono ile, na Mungu anisamehe, nilifurahi!

Halafu kidonda kikanitoka kwenye kidole cha mguu, kikakataa kupona. Daktari akapima sukari, akakunja uso, akaandika karatasi ya sindano ile ile. "Peleka kwa sekretere wa mutuelle," akasema. Kisha akakumbuka, akacheka. "Kumbe ni wewe mwenyewe!" Nilifika ofisini nikafungua orodha kama mtu asiyejua kitu. Mstari wangu ulikuwa pale pale. Ulikuwa umenyooka sana.

Juma lile nilimpelekea Riziki gauni langu la sare ya akina mama ili alipanue. Sikwenda kutubu, msinisifu. Alikuwa ameshika sindano ya kushonea karibu na pua. Akajaribu, akakosa. Akalowesha uzi, akakosa tena.

"Yaya, nitilie uzi. Macho yangu, tangu dawa ikatike, yanaona ukungu."

Nikachukua sindano. Nikajaribu mara moja, mara mbili, mara nne. Tundu lilikuwa linakimbia. Riziki akaangua kicheko. "Kumbe na weye! Tumekuwa wawili, na sindano haina bwana!"

Bwana alinipiga kwa kicheko kile! Nikaanguka kwenye vitambaa vyake, nikamwambia yote: furushi, sahani, rula, neno lile. Nililia hadi mteja aliyefuata suruali yake akageuka akarudi alikotoka. Riziki alichomeka sindano kwenye kitambaa. Kisha akasema:

"Yaya, ile ya vita haikuwa mafuta. Ilikuwa maji. Njaa njo ilinivimbisha. Ungenibonyeza kwa kidole, shimo lingebaki."

"Kwa nini hukusema?"

"Mulikuwa munanisifu. Siku zile nani alisifiwa kwa kitu?"

Ndugu zangu, mara mbili nilimwonea mdogo wangu wivu wa ugonjwa, na mara mbili nikampunguzia sahani! Siku ile kamba iliyonifunga tangu usichana ilikatika. Jina la Bwana liinuliwe!

Nilipeleka kitabu cha mikutano na barua ya daktari mbele ya kamati, nikasoma vyote viwili kwa sauti. Prezida akashika kichwa. "Mama, umetutia aibu. Lakini na sisi hatukusoma." Wakafuta "urembo", wakaandika "ugonjwa". Nikaombwa kuacha bik, na nimeiacha. Ila mfuko wetu sasa unaweza kubeba mgonjwa mmoja tu kwa sindano ile. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kuandika majina ya kumpelekea daktari achague. Niliandika Riziki juu na mimi chini. Sitawaficha: niliandika polepole sana.

Namshukuru Mungu aliyenifungua. Nawaalika na ninyi. Kama sahani ya mwenzako inakuchoma, mletee Yesu moto huo leo, kabla hujashika rula! Yeye anaweza. Juzi tu nilijikuta nauliza, kidonda cha mguu na macho yenye ukungu, kipi kina uzito kwa daktari? Niliitambua sauti iliyouliza. Nikapiga magoti papo hapo, jikoni, na mwiko mkononi.

Mdogo wangu yuko pale, benchi la tatu, amevaa gauni lililofunguliwa mishono yote. Majina yetu mawili yako mezani kwa daktari. Nafasi ni moja. Hadi asubuhi hii hajachagua.